Miche 600 imekauka, ng'ombe wameingia, na sasa mwenyekiti anataka kugawa eneo. Tufanye nini?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea katika kijiji kimoja mkoani Singida. Tuko watu 23, wengi wetu wanawake. Tangu 2021 tunatunza eneo la wazi la kijiji: chemchemi moja, kichaka cha kama ekari 14 kinachoizunguka, na uwanja wa mbele ya zahanati. Tulipanda miche 600, imebaki 70 na kidogo. Wenye ng'ombe wanaingiza mifugo usiku, jirani mmoja kila msimu anasogeza shamba lake, na mwenyekiti mpya anasema hilo ni pori tu, Halmashauri ya Kijiji inaweza kuwagawia vijana walime. Wenzangu wameanza kuchoka. Jumamosi iliyopita tulijitokeza sita. Tufanye nini?

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye yale maneno ya mwenyekiti, "hilo ni pori tu". Maana ng'ombe wa usiku na shamba linalotembea wanasema hayohayo kwa vitendo. Nyinyi 23 mnajua eneo lile ni la nani. Kijiji chenyewe, kwa ninavyoona, hakijawahi kuketi kikasema: hili ni letu sote, linaanzia hapa linaishia pale, matumizi yake ni haya. Mpaka kiseme hivyo na maneno yaandikwe, mtatwanga maji kwenye kinu miaka mingine mitano.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kikao, wala si jembe. Lakini nimefanya kazi ya misitu miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mtu aliyepoteza miche zaidi ya 500 hasikilizi habari za vikao kabla hajaambiwa nini kiliiua. Tuanze na msiba, halafu twende kwenye urithi.

Hukuniambia mlipanda lini, ila naomba nibahatishe: 1 Aprili, Siku ya Kupanda Miti, mgeni rasmi yupo, ngoma ipo, picha zimepigwa. Tarehe hiyo inawafaa watu wa Kilimanjaro, Tanga na Pwani, ambako masika ndiyo kwanza yanachanganya. Kwenu mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba, na Aprili zinaaga. Mche uliotiwa ardhini 1 Aprili unapata wiki tatu au nne za unyevu, kisha unaachiwa miezi saba ya kiangazi na mizizi isiyozidi shubiri. Hata mimi mngenipanda siku hiyo ningekauka.

Singida mashimo huchimbwa Oktoba, ardhi ikiwa kavu na watu hawajabanwa na kilimo. Upana sentimita 60, kina 60, udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande wa pili, ili wakati wa kufukia ule wa juu, wenye rutuba, urudi kwenye mizizi. Subirini mvua mbili tatu za nguvu, chimbua kidogo uone kama unyevu umeshuka urefu wa mkono mpaka kiwiko, ndipo mpande. Ikipita katikati ya Januari, miche iliyobaki irudi kitaluni. Na tafadhali, chaneni viriba, ile mifuko ya plastiki ya miche. Nimewahi kufukua miche iliyokufa kwenye shamba moja la mfano, kila mmoja nikaukuta umekufa ndani ya kiriba chake, mizizi imejizungusha kama kamba ya kisima. Waliopanda walikuwa wanawahi hotuba.

Halafu idadi. Mche mchanga kiangazi unataka walau lita 10 kwa wiki. Miche 600 ni lita 6,000, yaani ndoo 300 za lita 20 kila wiki, kwa miezi saba. Mko 23. Hesabu hiyo ilikuwa imeshawashinda siku ileile mnapanda, na mlipoona miche inakauka mkadhani ni uvivu wenu. Haukuwa uvivu. Pandeni 40. Ndoo 20 kwa wiki, kila mtu hafikishi ndoo moja. Arobaini iliyo hai baada ya miaka mitatu inawashinda mamia ya vijiti vikavu kwa kila kipimo, pamoja na kile cha mgeni rasmi.

Na kwenye zile ekari 14 msipande kabisa. Umeandika "kichaka", na kichaka cha Singida hakiko tupu chini. Kina visiki vya migunga, mikole, pengine mikwaju, vilivyokatwa kuni miaka nenda rudi, na kila kisiki kina mizizi iliyoshuka kwenye maji kabla hamjazaliwa. Mti upo, umenyimwa nafasi tu. Njia hii Dodoma wanaiita kisiki hai, na mafundisho yake yanaisha kwa asubuhi moja. Tafuta kisiki chenye machipukizi. Chagua mawili, matatu, manne ya kwisha, yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yote kata kwa panga kali, usirarue gome. Yale uliyoyabakiza pogolea matawi ya chini mpaka nusu ya urefu. Funga kitambaa cha rangi ili mwenye panga na mwenye ng'ombe wajue kisiki hiki kina mtu. Rudi baada ya miezi michache, ondoa machipukizi mapya. Basi. Hakuna ndoo wala kitalu, na mwaka wa tatu mnatembea kivulini. Matawi mliyopogolea ni kuni, na hilo lisikupite, tutalirudia.

Sasa kikao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu. La kwanza ni ardhi ya jumuiya, inayotumiwa na wanakijiji wote kwa pamoja. La pili ni ardhi ya mtu mmoja mmoja na familia. La tatu ni ile iliyobaki, ambayo baadaye inaweza kugawiwa watu au kuwekwa kwa matumizi ya wote. Mwenyekiti wenu akitazama zile ekari anaona fungu la tatu. Nyinyi mnaona la kwanza. Nani yuko sahihi? Sheria inaitaka Halmashauri ya Kijiji ipendekeze maeneo ya kutengwa kuwa ya jumuiya na matumizi ya kila eneo, Mkutano Mkuu wa Kijiji uyapitishe, kisha yaandikwe kwenye rejista. Nenda kwa Mtendaji wa Kijiji, msalimie vizuri, omba kuiona. Kama eneo lenu limo, mwenyekiti hana hoja. Kama halimo, au rejista yenyewe haipo, jambo ambalo halitanishangaza, basi kwa makaratasi mwenyekiti na jirani hawajakosea sana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ila hata kama halimo, kipo kifungu kinachowalinda kwa sasa. Kifungu cha 8(5) cha sheria hiyohiyo kinakataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu. Halmashauri ina wajumbe kati ya 15 na 25, na hata wakikubaliana wote hawawezi kumpa kijana robo ekari mpaka ninyi, wanakijiji wenye miaka 18 na kuendelea, mketi na mkubali. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Andikeni barua ya kuomba ajenda: kutenga eneo la chemchemi na kichaka chake kuwa ardhi ya jumuiya kwa hifadhi ya maji na malisho ya kiangazi. Nakala kwa Mtendaji wa Kata, afisa misitu na afisa ardhi wa wilaya. Neno "malisho" limo kwa makusudi, usilifute.

Siku ya mkutano hakikisheni mambo mawili. Mahudhurio yasainiwe, na azimio liandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yanayoeleweka, mipaka ikitajwa kwa alama: kutoka mkuyu mkubwa, kufuata korongo, hadi jiwe la kona ya zahanati. Nimeona mihtasari inayosema "mkutano uliridhia utunzaji wa mazingira". Huo ni muhtasari wa hewa, hakuna baraza litakaloweza kuusimamia. Mkishapata nakala yenye mhuri, toeni kopi tatu, na mojawapo ikae nje ya ofisi ya kijiji.

Kuna jambo utalikosea kama ulivyo na hasira, nimeiona kwenye mwandiko. Msiende pale kumshinda mwenyekiti. Huyo ana vijana wanaomsumbua kila asubuhi kuhusu mashamba, na vijana hao nao ni wanakijiji, wana kura. Mkienda na hoja ya "miti ni uhai" dhidi ya kijana asiye na pa kulima, mtashindwa, na mimi ningempigia kijana kura. Nendeni na jibu la swali lake: lipo eneo gani jingine la fungu la tatu? Na humo kwenye kichaka kuna kazi gani yenye pesa? Singida asali inajulikana nchi nzima. Mizinga 10 au 15 ya kikundi cha vijana ndani ya ekari zile, mbali na zahanati, njia za watu na mahali ng'ombe wanapokunywa, inampa mwenyekiti kitu cha kuwajibu. Inawapa na nyinyi walinzi wasiolala. Mkata miti wa usiku haogopi kikundi cha kujitolea; nyuki anamwogopa.

Mtasikia pia habari za mpango wa matumizi bora ya ardhi, uliowekewa sheria yake mwaka 2007. Kama kijiji chenu kinao, ramani ipo ofisini. Angalieni eneo lenu limepakwa rangi gani. Kama hakina, msiusubiri. Unahitaji wataalamu na fedha, na chemchemi yenu haina muda huo. Vilevile Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji na kuusimamia kwa kamati yake. Wapo waliofika mbali kwa njia hiyo: Duru-Haitemba kule Babati walianza miaka ya 1990, kabla hata ya sheria hiyo, na Suledo wilayani Kiteto wana zaidi ya hekta 160,000. Nyie mna ekari 14. Fanyeni kwanza la rejista, hilo la kutangaza msitu litafuata mkiwa na pumzi.

Jirani. Msimng'olee mahindi. Najua mmeshafikiria. Mwiteni siku ya kutembea mpaka, na mumwite kabla ya mkutano, wakiwepo wazee wawili watatu wanaokumbuka palivyokuwa, mjumbe wa kitongoji na Mtendaji. Mtembee kwa miguu, wazee mbele, yeye pamoja nao. Mara nyingi mtu anayesogeza shamba mita mbili kila msimu hawezi kusema mbele ya mzee aliyemjua babake kwamba mpaka ulikuwa hapa. Akisema, mna Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba ambao watatu lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Mkishakubaliana, pandeni mpaka siku ileile: minyaa, au makatani. Minyaa ng'ombe haili, inashika hata bila mvua nyingi, na kila Mnyaturu anaifahamu tangu utotoni. Waambieni wanaokata matawi wajihadhari na utomvu wake, ukiingia jichoni ni hospitali. Waya wa senyenge ni ghali, na huibwa. Mstari wa minyaa mwizi hana pa kuuuzia.

Sasa ng'ombe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vikundi vingi vya kujitolea hufia.

Ninyi na wenye ng'ombe mnataka kitu kimoja, majani Septemba. Tofauti ni kwamba nyinyi mnataka yawe yamesimama. Sasa tazama majirani zenu wa kaskazini. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa imekwanguliwa. Misitu ilifyekwa tangu enzi za mkoloni kuwafukuza mbung'o, pamba ikaingia, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyozoea kuyatunza. Mwalimu Nyerere alipofika kule mwaka 1984 alipaita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichogeuza mambo, kwa maoni yangu, kilikuwa kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu zamani, ngitili. Mvua zikianza, eneo linafungwa. Ng'ombe hawaingii, majani yanakua mpaka kiunoni, visiki vinachipua bila kuumwa. Ikifika Julai au Agosti, kwingine kukiwa kumekauka, ngitili inafunguliwa, tena kwa vipande, kipande hiki wiki hizi, kile baadaye. Anayevunja anakutana na sungusungu, na kesi inakwenda dagashida, baraza la kimila ambalo wenye ng'ombe wenyewe wamo. Mwanzoni mwa mradi ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna kitalu duniani kingezalisha miche ya kutosha eneo hilo. Walifunga na kufungua tu, kwa wakati wake. Wamaasai nao wana alalili, majani ya akiba kwa ajili ya ndama na kiangazi. Wafugaji hawahitaji kufundishwa na nyinyi kwamba majani hutunzwa. Wanahitaji kuhakikishiwa kwamba wakiyatunza watayala wao.

Linganisha na Kondoa, mlango wa pili kutoka kwenu. HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na mwaka 1979 Serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi, makorongo yakaanza kupona, huo ni ukweli na hakuna wa kuupinga. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda kwa majirani, na uzito wao ukaenda nao. Serikali ilikuwa na askari wa kufanya hivyo. Ninyi mna watu sita Jumamosi.

Kosa hilo nami nimelifanya, kwa kiwango changu. Tuliweka alama za mpaka wa msitu wa kijiji fulani, za saruji, zimenyooka vizuri, na hatukuwaalika wafugaji wa vitongoji vya mbali kwa sababu mkutano ulikuwa siku ya mnada na hakuna aliyefikiria tarehe. Kiangazi kilichofuata alama tisa zilikuwa zimeng'olewa. Moja niliikuta imewekwa mafiga.

Kwa hiyo mpangilio wa kupeleka mkutanoni uwe hivi. Kichaka kinafungwa mvua zinapoanza mpaka mwisho wa Julai. Agosti kinafunguliwa nusu, kwa ndama na ng'ombe wanaokamuliwa tu, mchana. Nusu ya pili inapumzika mwaka mzima, mwakani mnabadilishana. Mbuzi hawaingii, wala kuni mbichi hazikatwi, ila kina mama wanaruhusiwa siku mbili kwa wiki kuokota kuni kavu na kuchukua matawi yaliyopogolewa. Kamati ya kusimamia iwe na wafugaji wawili walio na ng'ombe wengi kuliko wote kijijini. Ndiyo, wale wale mnaowashuku. Mwenye ng'ombe 80 akiwa kwenye kamati, ng'ombe wa usiku watajulikana ni wa nani kabla jogoo hajawika.

Chemchemi haimo kwenye kufungua na kufunga. Hiyo ifungwe daima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na bwawa. Umbali huo huo uandikeni kwenye sheria ndogo yenu kuzunguka jicho la chemchemi. Lakini ng'ombe lazima wanywe, na ukimzuia mtu maji bila kumpa mengine unamfundisha kuvunja uzio. Vuteni maji kwa bomba moja la plastiki mpaka nje ya uzio, upande wa mteremko, mjenge birika la kunyweshea mifugo, la mawe na saruji. Kati ya fedha zote mtakazowahi kuchangisha, hizo ndizo zitakazorudi haraka. Na kama mmepanda mikaratusi pale kwa sababu inakua upesi, nasikitika, ianze kutoka. Inanywa maji mwaka mzima, na nyinyi mnalinda maji. Kateni kidogo kidogo, huku mkuyu na mizambarau mwitu iliyo karibu ikishika nafasi, ili jua lisiipige chemchemi ghafla.

Sheria ndogo ni karatasi ya pili mtakayoihitaji baada ya azimio. Mnaandika rasimu, Halmashauri ya Kijiji inaipitia, Mkutano Mkuu unaikubali, Kata inatoa maoni, Halmashauri ya Wilaya inaidhinisha. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho haina nguvu, na kikundi kinachotoza faini kwa sheria isiyoidhinishwa kinaweza kujikuta chenyewe polisi. Iwe fupi, ukurasa mmoja na nusu. Faini iwe ndogo ya kulipika. Faini ya kumfilisi mtu hailipwi. Inaombewa msamaha na diwani, na ikishasamehewa mara moja imekufa. Risiti itolewe na Mtendaji, wala si mwanakikundi. Azimio liseme sehemu gani ya faini inabaki kwenye kazi za eneo. Nyinyi mkishika pesa hata mara moja, hata kwa nia njema, mtaitwa wezi kwenye harusi na misiba yote ya kijiji hicho.

Uwanja wa zahanati ni mwepesi. Miti minane ya kivuli, mwarobaini unafaa, mita sita au zaidi kutoka ukutani. Mgonjwa anayesubiri na ndugu zake waombwe kumwagia kopo moja moja. Palilieni nyasi mvua zikiisha, kwa ajili ya nyoka. Yatosha.

Umeniuliza pia kuhusu kuchoka. Jumamosi kila wiki kwa miaka mingi ni kibarua kisicho na mshahara, si kujitolea, na mama mwenye shamba la alizeti hawezi. Kichaka kilichofungwa hakihitaji watu kila wiki. Kinahitaji siku tatu nne kubwa kwa mwaka: Mei, mvua zikikatika, kulima njia za kuzuia moto za upana wa mita nne au tano kabla majani hayajakauka, Julai kupogolea visiki na kugawana kuni, Oktoba kuchimba mashimo na kutengeneza uzio, Desemba kupanda ile miche 40. Siku hizo ziwe msaragambo wa kijiji kizima, zitangazwe na Mtendaji, na nyinyi 23 muwe wenye kuonyesha njia. Katikati ya siku hizo, watu wawili kwa zamu wanazunguka mpaka mara moja kwa wiki na kuandika kwenye daftari walichokiona: nyayo, kisiki kilichokatwa, moto. Hata "hakuna kitu" iandikwe, na tarehe. Siku mtakapofika mbele ya baraza, kurasa hizo za "hakuna kitu" ndizo zitakazoonyesha kwamba eneo lile lina mtu.

Wale 17 ambao hawakuja Jumamosi usiwaandikie barua ya onyo. Wapelekee tarehe ya Mei, na uwaambie siku hiyo kuna makande.

Lakini kabla ya yote hayo, wiki hii, nenda na Mtendaji mkafungue kabati la rejista. Kisha mtafute mzee yeyote aliyechunga pale kabla ya Operesheni Vijiji, umuulize eneo lile liliitwaje kwa Kinyaturu au Kinyiramba, na lilifungwa mwezi gani. Jina analokumbuka ndilo liandikwe kwenye ajenda mahali pa "eneo la wazi". Ukilipata, niandikie.